Mke wangu hajui kama naweka nyumba kwenye trasti, nisaini?

Dada mshauri, habari za kazi. Mimi nakusoma kimya kimya siku zote, sijawahi kuandika popote mambo ya nyumbani kwangu, ila hili limenikaa kooni na sina wa kumwambia manake kila ninayeweza kumwambia naye yumo humo humo ndani.

Nina miaka 63, nimestaafu. Mke wangu wa kwanza alifariki akaniachia watoto watatu. Mkubwa wa kiume sasa ana 34, anayefuata ni binti ana 31, ameolewa na ana maisha yake, na wa mwisho wa kiume ana 24 lakini akili yake ni ya mtoto mdogo, alizaliwa hivo, ana na kifafa, kujitegemea hawezi na hatakuja kuweza. Baadaye nikaoa tena na huyu mama tuko naye mwaka wa 14 sasa, hatukujaliwa mtoto, kijana wa mwisho amemlea yeye tangu ana miaka kumi.

Mali yenyewe si ya kutisha. Kuna nyumba tunayoishi, hiyo nilijenga na marehemu. Kuna nyumba nne za kupangisha, kiwanja kilikuwa changu kabla sijamuoa huyu wa sasa lakini kujenga tulijenga pamoja, mkopo ulikuwa wa jina langu na mshahara wake ndo ulikuwa unakatwa zaidi kuliko wangu, nisiseme uongo. Afu kuna akiba benki na bima ya maisha ya tangu nikiwa kazini.

Shida inaanzia kwa mkubwa. Anabeti. Gari nililompa aliuza bila kuniambia, akakopa kwa watu ambao si wa kukopwa, nimemlipia, akarudia. Najua nikifumba macho leo fungu lake halimalizi mwaka. Binti naye akaja siku moja akaniambia baba, ukiondoka wewe huyu mama atabaki kwenye nyumba ya mama yetu, na akiolewa tena je? Nilimfokea lakini maneno yamebaki kichwani. Na wa mwisho ndo usiseme, usiku naamka nafikiria atakula kwa nani.

Mdogo wangu, yaani baba yao mdogo, ndiye akanipeleka kwa wakili mmoja anayemfahamu. Wakili akanieleza habari ya trasti, yaani unamkabidhi mtu mali aishike kwa faida ya wengine, nikafurahi kweli. Alisema wosia unapingwa mahakamani kila siku lakini mali ikishaingia kwenye trasti haiko tena kwa jina langu, kwa hiyo nikifa hakuna cha kugombea. Akaandaa hati kurasa kumi na moja. Nyumba zote tano zinaingia. Mdhamini, yaani wa kuishika hiyo mali, ni mdogo wangu peke yake, mtu wa heshima zake, sina wasiwasi naye. Mkubwa hapewi fungu lake mpaka afike miaka 40. Nyumba zisiuzwe milele. Kodi imtunze wa mwisho. Na mke wangu apewe, nanukuu, "matunzo ya kuridhisha kadiri mdhamini atakavyoona inafaa".

Mke wangu hajui lolote. Mdogo wangu anasema asijue mpaka imalizike kusajiliwa, vinginevyo ataleta maneno.

Juzi jioni nimekaa sebuleni, hati iko kwenye bahasha pembeni yangu, mke wangu anampa kijana dawa zake. Huyo kijana dawa hamezi kwa mtu mwingine, mimi nikimpa anaificha shavuni afu anaenda kuitema nyuma ya kochi. Kwa mama yake huyu anafungua mdomo, anameza, anafungua tena kumwonyesha kwamba imeshuka. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikairudisha mfukoni.

Wakili anapiga simu, mdogo wangu anapiga simu. Dada, nikisaini nakuwa nimemsaliti mke au nakuwa nimewalinda wanangu?

Baba wa Watatu

MSHAURI ANAJIBU

Baba yangu, shikamoo, na pole. Nimeisoma barua yako taratibu na naona ndani yake kuna hofu tatu ambazo hazifanani na zote zimefungwa kwenye bahasha moja. Kuna kijana ambaye hatajitegemea, hiyo ni hofu ya matunzo. Kuna mkubwa anayebeti, hiyo ni hofu ya pesa kuishia mikononi mwake. Na kuna nyumba ya marehemu, ambapo binti yako ana hofu na mama wa kambo ana haki zake. Umeletewa dawa moja ya yote matatu, na mimi kabla ya kuongelea kusaini ningependa tuangalie kama hiyo dawa inafanya kile ulichoambiwa inafanya.

Tuanze na hili la "mali haiko tena kwa jina langu". Ni kweli, na hapo ndipo pa kusimama kidogo. Trasti ni mpango ambao wewe unamkabidhi mdhamini mali, jina linakuwa lake kisheria, lakini faida ni ya wale uliowataja kuwa wanufaika na yeye anabanwa na masharti ya hati. Maana yake siku ukisaini na nyumba zikahamishwa, mwenye kusaini mkataba na mpangaji ni mdogo wako, anayepokea kodi ni mdogo wako, na anayeamua bati libadilishwe lini ni mdogo wako, wewe ukiwa hai una miaka 63 na pengine una mingine 20 mbele. Je, hati inasema wewe unaishi kwenye hiyo nyumba kwa haki gani? Unaweza kuivunja ukibadilisha mawazo? Zipo trasti za kuvunjika na zipo zisizovunjika, na kila moja ina gharama yake. Ukijiachia uwezo wa kuirudisha mali muda wowote, sehemu nyingi wadai na watu wa kodi wataihesabu kama bado ni yako. Ukijifunga kabisa, basi umejifunga kweli, hata ukigombana na mdogo wako mwakani.

Na hili la "hakuna cha kugombea", baba, sidhani kama ni hivyo. Mahakama zimeshaizoea njia hii. Uingereza kwa mfano wana sheria ya 1975 inayomruhusu mke, mtoto au mtu uliyekuwa unamtunza kwenda kudai kwamba hakuachiwa cha kutosha, na sheria hiyo hiyo inaruhusu mahakama kuangalia mali uliyoitoa ndani ya miaka 6 kabla ya kufa kama uliitoa kwa nia ya kukwepa madai hayo. Ufaransa ni kali zaidi, mwenye watoto watatu au zaidi hawezi kuwanyima robo tatu ya urithi, ni fungu lao kwa sheria upende usipende. Na kama wewe ni Muislamu unajua mafungu yamekwishapangwa, wosia hauvuki theluthi, na mke ana fungu lake ambalo si mimi wala wakili wa kulipunguza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili wako ni mke wangu na watoto wangu wanaweza kuipinga hati hii kwa misingi ipi hapa tulipo, na akikujibu "hawawezi" bila kufungua hata kitabu, mimi ningetafuta wakili wa pili ambaye hajaletwa na mdogo wangu.

Maana kuna hizo nyumba nne. Wewe mwenyewe umeniambia, tena ukaongeza "nisiseme uongo", kwamba mshahara wake ndo uliokuwa unakatwa. Huwezi kuweka kwenye trasti kitu ambacho si chako chote. Jina kwenye hati ya kiwanja lina uzito wake lakini nchi nyingi zinatambua mchango wa mwenza, na nyingine hazikubali nyumba ya familia ihamishwe bila mwenza kuridhia. Akienda mahakamani na karatasi zake za mshahara, trasti yako inaweza kupasuliwa katikati, na kile kitendo cha kumficha ndicho atakachokitumia kuonyesha nia yako. Sisemi atakwenda. Nasema usiri ambao mdogo wako anauita ulinzi unaweza kuwa ndiyo kidonda cha hati yenyewe.

Sasa tumfikie mdogo wako, na hapa naomba usinikasirikie, umesema ni mtu wa heshima na mimi sina sababu ya kubisha. Lakini sheria ya wadhamini haikutungwa kwa sababu ya watu wabaya peke yao. Mwaka 1726 huko Uingereza kulikuwa na kesi ya Keech na Sandford. Mdhamini alikuwa anamshikia mtoto mdogo haki ya kukodi soko, mkataba ukaisha, mwenye soko akasema hampi mtoto mkataba mpya, basi mdhamini akauchukua kwa jina lake mwenyewe. Hakuiba, wala haikuonekana kwamba alidanganya. Jaji akamwambia hata hivyo faida ni ya mtoto, na kwamba yeye mdhamini ndiye mtu pekee duniani ambaye hakuruhusiwa kuchukua ule mkataba, kwa sababu ukiruhusu mlango huo wazi hakuna mtoto atakayeongezewa mkataba tena. Mpaka leo wanaofuata sheria za Uingereza wanaikumbuka kesi hiyo. Walichokiogopa ni ile hali ya mtu mzuri kukaa peke yake na mali ya mtu asiyeweza kuuliza maswali, na kijana wako ndiye huyo asiyeweza kuuliza maswali.

Kwa hiyo toa hati kwenye bahasha uisome ukitafuta vitu vichache. Nani anaweza kumuondoa mdhamini? Anatoa hesabu kwa nani, kila baada ya muda gani? Akifa au akiugua nani anakaa kwenye kiti chake, maana nadhani mdogo wako hakuachi miaka mingi na kijana ana 24, hesabu inaonyesha kijana atahitaji mdhamini mwingine, pengine wawili. Na mwisho kabisa, kijana akishafariki, kinachobaki kinakwenda kwa nani? Hicho kifungu huwa kwenye kurasa za nyuma na watu hawafiki. Kama jina lililopo hapo linakushangaza, utakuwa umejua kitu.

Wengi huweka wadhamini wawili au watatu, mmoja wa upande wa watoto, mmoja wa nje asiye na maslahi, na wengine wanaweka benki au kampuni ya kazi hiyo. Benki haina upendeleo na haifi, ila inakata ada kila mwaka na haimjui mwanao kwa sura, na kwa nyumba tano ada inaweza kuwa inakula kodi yenyewe. Mdogo wako anaweza kubaki, ila awe mmoja kati yao. Ukimwambia hivyo utaona anavyolipokea, na mapokezi yake nayo ni taarifa.

Kwa mkubwa wako, hilo sharti la miaka 40 linaonekana zuri kwenye karatasi. Tatizo lake limejulikana tangu 1841, kesi ya Saunders na Vautier, kijana aliachiwa hisa za kampuni ya East India akaambiwa azipate akifika 25, akafika 21 akaenda mahakamani akasema kama ni zangu peke yangu na mimi ni mtu mzima nipeni, wakampa. Kanuni hiyo ipo hadi leo sehemu nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza, ingawa Marekani wameikataa kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo kama fungu lake limetajwa kuwa ni lake, 40 inaweza isizuie kitu, na wenye kukopesha wabetiji wakijua kuna fungu linakuja watamkopesha kwa dhamana ya hilo hilo fungu. Njia nyingine ni kutompa fungu maalumu ila kuwaachia wadhamini hiari, wamlipie kodi ya nyumba moja kwa moja, wamlipie ada za watoto, wasimpe pesa mkononi, na hapo hana kitu cha kudai wala cha kuweka rehani. Hatari yake ni kwamba mtu wa miaka 34 atajikuta anaomba ruhusa kwa baba mdogo mpaka anazeeka, na hilo linaweza kuvunja undugu kuliko kubeti kwenyewe. Sijui kama ameshawahi kupata msaada wa hiyo tabia, au kama amewahi kukaa na wewe mkaliongea bila wewe kulipa deni mwishoni. Hati haitafanya kazi hiyo.

Neno "milele" kwenye nyumba kutouzwa, mimi ningelifuta tu. Hata hao Waingereza wenyewe wameziwekea trasti nyingi mpya kikomo cha miaka 125. Lakini shida haiko huko mbali, iko pale kuta zikipasuka na akiba imeisha na mdhamini hana ruhusa ya kuuza nyumba moja ili zile nyingine zipone.

Na nyumba ya marehemu. Binti yako hakukosea kuuliza, hata kama alikuuma. Wala mke wako hakosi akitaka kujua atalala wapi. Kuna mpangilio wa zamani sana wa mambo haya, mke anaishi humo maisha yake yote, hauzi wala harithishi, na akiondoka duniani nyumba inakwenda kwa watoto wa marehemu. Unaweza hata kuandika itakuwaje akiolewa. Unatuliza pande mbili kwa mkupuo mmoja, ila uamue mapema nani anatengeneza paa na nani analipa kodi ya ardhi, la sivyo binti atakuwa anangojea nyumba na mama atakuwa anajua kwamba anangojewa, na hapo hakuna anayekaa kwa raha. Linganisha na hilo neno la hati yako, "kadiri mdhamini atakavyoona inafaa". Jiweke mahali pake. Miaka 14, mshahara umekatwa, mtoto amelelewa, halafu asubuhi ya tatu baada ya mazishi anaambiwa akamuulize shemeji.

Kuna na njia ya katikati ambayo sijui kama wakili alikutajia, trasti inayoandikwa ndani ya wosia. Wewe mali inabaki yako mpaka siku yako, unaweza kubadilisha muda wowote, na trasti inaanza ukishafariki, labda kwa ajili ya kijana wa mwisho tu na nyumba mbili za kumtunza. Ubaya wake ni kwamba lazima wosia upite kwenye utaratibu wa mirathi na unaweza kupingwa huko, na huo muda wa kusubiri kijana anahitaji pesa ya dawa, kwa hiyo inabidi kuwe na akiba ya kumvusha. Ukiona ucheleweshaji huo ni hatari kubwa kuliko kukabidhi mali mapema, basi trasti ya sasa ina mantiki, ila labda isiwe ya nyumba zote tano.

Nimeacha la dawa mpaka sasa kwa makusudi. Katika barua nzima mtu pekee niliyemuona akifanya kazi ya kumtunza kijana ni yule ambaye hati inamficha. Mdhamini anashika pesa. Kumezesha dawa, kujua kifafa kinakuja, kujua anaogopa nini, hayo hayamo kwenye kurasa kumi na moja. Kwa kuwa kijana ni mtu mzima kisheria, muulize wakili nani atakuwa mlezi wake rasmi wa kusaini hospitali, manake mdhamini siyo lazima awe mlezi na sehemu nyingi ni mambo mawili tofauti. Watu huandika pia barua ya matakwa, inakaa pamoja na hati, haina nguvu ya sheria lakini wadhamini huisoma, na ndani yake unaeleza maisha ya mwanao kwa urefu, anaamka saa ngapi, anatulizwa na nini, dawa anapewaje. Jaribu kuiandika wiki hii wewe mwenyewe. Nina hisia kwamba kuna mambo utakwama na itabidi umuulize mke wako, na labda huo ndo mwanzo mzuri wa mazungumzo kuliko kumkalisha chini na kumwambia nina jambo.

Unaogopa nini hasa akijua? Kwamba atakataa, au kwamba atauliza jina lake liko wapi? Hayo ni mambo mawili na majibu yake hayafanani. Inawezekana ukimwambia kutakuwa na kelele nyumbani, inawezekana mdogo wako atanuna, inawezekana binti ataona umeegemea upande. Hayo yote yanaumiza, lakini wewe upo na unaweza kueleza ulikuwa unafikiria nini. Ukisaini kimya nayo yatatokea, ila wa kueleza atakuwa hayupo. Kipi unaweza kukibeba, hilo ni lako, mimi siwezi kulibeba kwa niaba yako.

Kwa simu za wakili, unaruhusiwa kusema sijawa tayari. Hati haiozi.

Halafu ile bima ya tangu ukiwa kazini, mara nyingi pesa zake zinafuata jina lililoandikwa kwenye fomu ya bima na wala hazipiti kwenye wosia wala trasti. Ukipata nafasi nenda kaangalie fomu inasema nani, maana kama uliijaza enzi zile kuna uwezekano jina lililopo ni la marehemu.